Familia Nzima, Bila Mimi

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Nje kuna ile baridi ya Julai ambayo watu wa Nakuru hujifanya wameizoea, pamoja na manyunyu yasiyojua kuanza wala kuisha. Nimevaa sweta mbili na soksi za Neema. Neema si jina lake halisi, lakini mtoto ni wangu, hilo halina mjadala.

Nasema halina mjadala kwa sababu tangu Ijumaa nimekuwa nikijadiliana na nafsi yangu kuhusu hilo hilo.

Acha niseme ukweli kabla sijaanza kujipamba. Nina wivu. Si wivu wa mapenzi. Baba Neema tuliachana miaka minne iliyopita, baada ya yeye kupata kazi kule kwenye visima vya mvuke Naivasha, na hata leo akiletwa mlangoni amefungwa utepe sitamtaka. Ninayemwonea wivu ni mke wake, Faith. Ningependa sana kuandika hapa kwamba Faith alininyang'anya mume, maana hadithi hiyo ingenifaa. Hakuninyang'anya. Walijuana baadaye, mwaka mmoja baada ya sisi kuachana. Hana kosa lolote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Faith anafanya kazi kwenye shamba la maua. Ana mtoto mdogo wa kiume anayeanza kutembea. Ana kicheko kirefu, cha mtu ambaye hajawahi kusahihisha vitabu arobaini na saba kwa siku moja. Na anajua kusuka. Neema alienda kwao katikati ya muhula huu, wakati ule wa mapumziko mafupi, akarudi na mistari myembamba iliyonyooka, kichwa kimependeza kweli. Jioni hiyo hiyo nikamwambia shule hairuhusu mistari, tuifumue. Shule inaruhusu. Mimi ni mwalimu wa shule hiyo, sheria za nywele nazijua kuliko mwalimu mkuu. Tulifumua kimya kimya, yeye ameketi sakafuni katikati ya magoti yangu, mimi na kitana changu cha uongo.

Shule inafunga Ijumaa ijayo. Neema ameomba akae Naivasha likizo yote ya Agosti. "The whole holiday, Mum." Ameniuliza mara mbili, na mara zote mbili nimemjibu "tutaona," neno ambalo kila mtoto wa nchi hii anajua maana yake. Ukweli ni kwamba ninaogopa. Ninaogopa kwamba atakaa mwezi mzima katika nyumba yenye baba, mama na mtoto, kisha atarudi hapa kwangu aone vyumba viwili na mwanamke mmoja aliyeshika kalamu nyekundu, na aanze kuhesabu siku za kurudi kule.

Sasa nieleze ya Ijumaa.

Ninafundisha Kiingereza na Kiswahili, Grade 8, na binti yangu yuko katika darasa hilo. Shuleni ananiita Teacher, nyumbani ananiita Mum, na hatujawahi kuchanganya. Wiki iliyopita niliwafundisha neno whole. Nililitengea kipindi kizima, kwa sababu watoto wetu hulichanganya na all, wanaandika "whole the family" na mengine ya kuumiza macho. Niliwaambia whole ni kitu kimoja ambacho hakijapungukiwa na chochote. A whole loaf, mkate ambao hakuna aliyeutia kisu. Niliwaonya wasiisahau ile w ya mwanzo isiyosikika, maana ukiiondoa unabaki na hole, yaani shimo. Kila mwaka hakosi mtoto wa kuandika "my hole family," na kila mwaka nacheka peke yangu staffroom.

Niliwakanya pia kuhusu ile tabia yetu ya kuandika "a whole teacher was crying." Nikawaambia hicho ni Kiswahili kilichovaa tai. Sisi tunasema mwalimu mzima analia, tukimaanisha kwamba mtu wa hadhi yake angeona haya. Mwingereza akisikia a whole teacher atadhani kuna na walimu nusu.

Sasa najua wapo.

Nikawapa insha. Waandike kuhusu wikendi waliyoifurahia zaidi, na neno whole lionekane angalau mara mbili. Insha bora zaidi ningeisoma mbele ya darasa, kama kawaida yangu. Ijumaa asubuhi nikaketi na chai yangu na rundo la vitabu, na cha Neema kilikuwa karibu na mwisho.

Alikuwa ameandika kuhusu Naivasha, bila shaka. Auntie Faith alipika a whole chicken. Nikaweka tiki kwa shida. Kuku mzima! Kwetu kuku huingia akiwa mzima lakini haliwi mzima. Kuna mapaja ya Jumapili, kuna shingo na mgongo wa Jumatatu, na Jumanne tunakula mchuzi na kumbukumbu. Nikaendelea. Pilau ilinukia mpaka getini. Mtoto alicheza na ufuniko wa sufuria. Dad alitania watu. Halafu, mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa wa kwanza: "At last, my whole family sat down to eat."

Nilihesabu. Baba mmoja, Faith wawili, mtoto watatu, Neema wanne. Nikahesabu tena kama mtu anayefungia kuku jioni. Wanne.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu mtoto nilimzaa kwa uchungu wa siku nzima na usiku kucha, katika wodi ambamo nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama nataka kuamsha mji. Nimemlea kwa homa, kwa mafua, kwa jino la mbele lililogoma kuota. Halafu pilau moja tu, familia imetimia.

Nikachora duara kwenye lile neno. Pembeni nikaandika: "Wrong word. Whole means nobody is missing." Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Insha ilikuwa inaendelea upande wa pili, niliona wino umepenya, lakini sikugeuza ukurasa. Nikaandika ishirini na mbili kwa arobaini na kufunga kitabu. Neema hajawahi kupata chini ya thelathini na tatu.

Nilijua ninachofanya. Nataka hilo liandikwe.

Kipindi cha mwisho nikarudisha vitabu. Nikasoma mbele ya darasa insha ya mtoto mwingine, nzuri tu, kuhusu mazishi ya mbuzi huko Subukia. Neema alifungua kitabu chake, akaangalia, akakifunga, akakitia ndani ya mkoba. Hakuniangalia.

Jana Jumamosi aliosha yunifomu yake bila kuambiwa, akafagia, akapika chai. "Ndiyo, Mum." "Sawa, Mum." Adabu ya mpangaji. Nikajiambia kwamba amenuna, na kwamba tabia hiyo ya kununa hajaitoa kwangu. Nyani haoni kundule.

Mchana Faith akapiga simu. Hunipigia mimi moja kwa moja, hapitii kwa Baba Neema, na hata hilo nimejaribu kulichukia nikashindwa.

"Mama Neema, habari ya huko? Baridi imewamaliza?" akasema. "Nilikuwa nauliza tu kama msichana atakuja shule ikifunga. Nataka nimtengenezee kitanda chake, asilale tena kwa kochi."

Kitanda chake. Nikamwambia tutaona.

Leo basi. Kanisani kwetu mimi ndiye mkalimani wa ibada ya pili. Wageni wengi huhubiri kwa Kiingereza, nami husimama kando na maikrofoni yangu nikigeuza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na ikibidi na mikono naigeuza, akiinua yeye nainua mimi. Ni kazi ninayoipenda. Leo mgeni alitoka Nairobi, kijana mwenye sauti ya kujaza uwanja, na somo lake lilikuwa nini? Being made whole.

Nikajua nimekwisha.

Lakini nilianza vizuri. Akisema your whole life, nasema maisha yako yote. The whole night, usiku kucha. With your whole heart, kwa moyo wako wote. Kiingereza kinabeba neno lile lile kila mahali kama kikapu kimoja cha sokoni, sisi tunabadilisha kulingana na mzigo. Nikaona hata naifurahia. Halafu akafika kileleni, akapiga ngumi hewani, akanguruma: "Today, God wants to make you whole!"

Nami nikapiga ngumi hewani nikanguruma: "Leo, Mungu anataka kukufanya mtu mzima!"

Kisha mzee wetu mmoja wa safu ya mbele, ambaye husikia vibaya lakini anapotaka husikia vizuri, akasema kwa sauti: "Mwalimu, kwangu alishamaliza! Niko seventy-four!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Mgeni, asiyejua kilichotokea, akadhani ni upako. "Yes! Tell them again!" Na mimi, nimesimama pale na ngumi bado juu, nikajisahihisha kwa sauti ndogo: kukufanya mzima, kukuponya. Lile "mtu" limetoka wapi? Ninajua lilikotoka. Siku tatu nimekuwa nikijisema kichwani: mtu mzima wewe, acha. Mtu mzima wewe, mpe mtoto marks zake. Neno limechoka kukaa ndani likajitafutia mlango.

Niliangalia upande wa vijana. Neema alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Alipoona namwangalia akaacha.

Tumerudi, tumekula. Nikakunja miguu kwenye kochi. Akaja na kitabu.

"Mum, hii ni ya shule," akasema. "Nafaa kukuita Teacher ama?"

"Niite tu."

"Nataka kufanya corrections. Lakini sijui niweke neno gani hapo."

Hapo ningeweza kunyoosha mambo. Mlango ulikuwa wazi. Lakini wivu ni kitu cha ajabu, hata ukicheka kanisani unakungoja nyumbani. Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani: "Weka some members of my family."

Akafikiria. Ana namna ya kuuma ncha ya kalamu.

"But tulikuwa wote."

"Mlikuwa wanne. Nilihesabu."

"Teacher," akasema, polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu ambayo haijakauka, "ulisoma page ya pili?"

Miaka kumi na minane nafundisha. Miaka kumi na minane nawaambia watoto wasome swali mpaka mwisho ndipo washike kalamu.

Akageuza ukurasa akaniwekea kitabu mapajani. Aliandika kwa Kiingereza, nami nawapa kwa Kiswahili kama ninavyofanya kanisani, na safari hii sitakosea: "Hata Mum alikuwepo. Tuliegemeza simu kwenye chupa ya chai ili aweze kutuona sisi sote. Auntie Faith alimkaribisha chakula na mtoto akampungia mkono. Halafu network ikapotea, lakini kwa dakika moja tulikuwa wote."

Nimeisoma mara ya kwanza, nikaisoma mara ya pili. Halafu nikaitafuta tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa sababu simu hiyo naikumbuka. Jumapili ile ya mapumziko mafupi, saa saba mchana, Neema alipiga kwa video. Nilikuwa kwenye kochi hilo hilo. Kwanza nikaona dari. Kisha meza. Kisha sinia la pilau, mkono wa Faith umeshika mwiko, Baba Neema anasogeza kiti, na sauti ya Faith: "Mama Neema, karibu chakula!" Wote wakanigeukia. Nilichoona mimi ni watu wanaonionyesha nilichokosa. Nikasema nina kazi, sijui kama walisikia, na nikabonyeza pale pekundu. Baada ya hapo nikatuma ujumbe: "Network mbaya huku."

Mnara wa simu uko nyuma ya ploti yetu. Nikianika nguo nauona.

Mficha uchi hazai, na nilikuwa nimeficha ya kutosha. Nikafunga kitabu. Nikamwambia mtoto wangu, "Neema, siku ile haikuwa network. Ni mimi nilikata."

"Najua, Mum."

"Unajua?"

"Network ikipotea, mtu anaganda kwanza. Wewe haukuganda. Ulienda tu."

Alisema bila hasira, kama anayenifundisha kutumia simu. Nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza kwa ukali, nadhani ni mazoea ya kazi: "Sasa mbona uliandika network?"

Akainua mabega. "Si best composition huwa unasoma mbele ya class? Nilidhani ungesoma yangu. Sikutaka wajue."

Nimeandika sentensi hiyo hapo juu na nikaondoka kwenye meza kwenda kusimama jikoni. Sasa nimerudi.

Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliketi akawaza jinsi ya kuniweka kwenye meza ile. Akaona nimekata simu, akajua nimekata, na bado akanihesabu. Akanitungia na kisingizio ili darasa lisinione vibaya nitakapokuwa nasoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mimi nikampa ishirini na mbili.

Sikumwambia maneno mengi. Nilimwambia samahani, na nikasema kama Mum, na nikasema tena kama Teacher, kwa sababu makosa yalikuwa mawili. Akasema sawa. Halafu akaniuliza kama anaweza kusukwa mistari tena, na nikasema anaweza, na kwamba shule inaruhusu. "Hiyo pia najua," akasema, akaenda chumbani. Sasa namsikia anacheka na mtu kwenye simu. Najua ni nani, kicheko cha huyo mtu kinafika mpaka huku.

Bado nina wivu. Niliwazia kwamba nikikiri utanitoka kama jasho la homa, na haujanitoka. Namsikiliza anavyocheka kule chumbani na hata sasa hivi ninapoandika nahesabu dakika walizozungumza. Labda utakaa miaka. Lakini Faith hakuniondoa kwenye meza yoyote. Niliondoka mwenyewe.

Kesho asubuhi nitampelekea mwalimu mwenzangu wa Kiingereza kitabu cha Neema akisahihishe upya, kurasa zote mbili. Mimi kwa kitabu hicho sifai. Nimemwambia Neema ataenda Naivasha. Ameuliza, the whole holiday? Nikajaribu kusema ndiyo, mdomo ukakataa, nikasema wiki mbili. Akaniangalia. Nikasema tatu. Wiki ya nne ni yangu, na simwombi mtu radhi.

Jumamosi sitamtuma peke yake. Nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Faith. Nikiambiwa karibu chakula, nitaketi. Nitakula. Na kama pilau yenyewe ni tamu, nitasema ni tamu.

Hilo la mwisho ndilo sina uhakika nalo.